Ukifika Lisbon, Fuata Saa za Chakula

Wageni wengi hufika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na orodha ya majengo: mnara wa Belém, ngome ya São Jorge, tramu ya manjano namba 28. Ikifika jioni miguu imechoshwa na vilima, simu imejaa picha, na chakula kimekuwa kitu cha kubugia haraka kati ya foleni moja na nyingine. Ushauri wangu ni kuigeuza ratiba hiyo. Panga siku kwa saa ambazo wenyeji wanakula, halafu majengo yaingie katikati ya mlo na mlo. Mambo makubwa ya mji huu, yaani bahari, dini, biashara ya viungo, utumwa na uhamiaji, yote yameacha alama mezani. Anayekula kwa mpango huyaona hata bila kiongozi wa watalii.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu ya ziada. Meli za Vasco da Gama zilizotia nanga Malindi mwaka 1498 zilitoka hapa, na hapa ndipo zilipotoka zile za Francisco de Almeida zilizoteka na kupora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Sehemu ya historia yetu imehifadhiwa Lisbon, na baadhi ya vyakula vyetu vinapikwa huko kila siku. Tuna kila sababu ya kuijua meza ya mji huu vizuri.

Kabla ya kuketi popote

Beba fedha taslimu kidogo. Migahawa midogo ya mitaani, ambayo Wareno huiita *tasca*, mara nyingi haipokei kadi za nje hata kama ina mashine ya kulipia. Toa fedha kwenye mashine za Multibanco, hasa zilizo ukutani mwa benki. Mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa yuro au kwa sarafu ya nyumbani, chagua yuro, maana kiwango cha kubadilishia cha mashine huwa ghali.

Ukiingia, salimu kwanza. *Bom dia* ni ya asubuhi, *boa tarde* ni ya mchana hadi jioni, na *boa noite* ni ya usiku. Mwenye mgahawa mdogo hutazama sana jambo hili, kama ilivyo kwetu, na anayeanza kwa salamu huhudumiwa kwa moyo mwingine. Shukrani ni *obrigado* kwa mwanamume na *obrigada* kwa mwanamke.

Kama huli nguruwe au hutumii pombe, jifunze maswali mawili: *leva porco?* kwa kuuliza kama chakula kina nguruwe, na *leva vinho?* kwa kuuliza kama kimetiwa mvinyo. Nguruwe yupo mahali usipomtarajia. Supu ya sukuma na viazi iitwayo *caldo verde* hutiwa kipande cha soseji. *Tosta mista* ni mkate wa kuchoma wenye jibini na nyama ya nguruwe. *Bifana*, mkate wenye nyama unaouzwa kila kona, ni nguruwe mtupu. Baadhi ya keki nazo hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, *banha*. Samaki ni njia salama zaidi, lakini hata hapo uliza kuhusu mvinyo, hasa kwa vyakula vya kombe na mchuzi.

Mwisho, vaa viatu visivyoteleza. Njia za miguu zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi, na mvua ikinyesha huteleza vibaya.

Asubuhi ni ya kaunta

Usile kifungua kinywa hotelini kama hakimo kwenye bei ya chumba. Toka, tafuta *pastelaria* ya mtaa, yaani duka la mikate, keki na kahawa, na usimame kwenye kaunta pamoja na wanaokwenda kazini. Sehemu nyingi kikombe kilekile kina bei tatu: ya kaunta, ya meza ya ndani, na ya meza ya nje barabarani. Ya kaunta ndiyo nafuu, na kwa miaka hii kahawa ya kaunta mtaani ni kama yuro 1. Tena kaunta ndipo utakapouona mji: nani anamfahamu nani, wanabishania timu gani, nani kaletewa kikombe chake kabla hajafungua mdomo.

Agiza kwa majina ya wenyeji. *Bica* ni kahawa fupi, nyeusi, kali. *Garoto* ni kikombe kidogo chenye maziwa mengi kuliko kahawa. *Meia de leite* ni nusu kahawa nusu maziwa katika kikombe kikubwa. *Galão* ni maziwa mengi yenye kahawa, huletwa kwenye bilauri ndefu. Anayetaka kahawa nyeusi nyingi na nyepesi aombe *abatanado*. Utaisikia ladha nzito na chungu, kwa sababu wakaangaji wa Kireno wamezoea kuchanganya arabika na robusta. Mazoea hayo yana historia ya kikoloni: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Angola, iliyokuwa bado chini ya Ureno, ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani, na zao lake kubwa lilikuwa robusta.

Cha kutafuna, anza na *torrada*, mkate mnene uliochomwa, ukapakwa siagi na kukatwa vipande virefu. Mtu wa pwani ajaribu *pão de Deus*, mkate laini wenye tabaka la nazi tamu juu yake. Kula taratibu, lipa, aga. Robo saa inatosha, na saa mbili na nusu asubuhi utakuwa tayari kwa matembezi kabla makundi ya watalii hayajaamka.

Mchana, soma karatasi ya dirishani

Chakula cha mchana huanza saa sita na nusu, na majiko mengi hufungwa saa tisa. Asiyelijua hili huzunguka saa kumi akiwa na njaa, kisha huishia kwenye mgahawa wa watalii kwa sababu ndio pekee ulio wazi. Jikoni huwashwa tena saa moja jioni au baadaye.

Dalili za mgahawa mzuri ni chache. Tafuta karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kubandikwa dirishani ikitaja chakula cha siku, *prato do dia*. Tazama kama ndani kuna mafundi, makarani na wazee wa mtaa. Jiepushe na mahali penye menyu ya picha katika lugha sita na mtu aliyesimama mlangoni akivuta wapita njia, jambo la kawaida katika barabara za watalii za Baixa. Chakula cha siku mtaani huwa kati ya yuro 8 na 13, na sahani hujaa. Kama tumbo lako si kubwa, omba *meia dose*, nusu ya kipimo. Mara nyingi inamtosha mtu mzima.

Mhudumu ataweka mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini, hata kabla hujaagiza. Hiyo inaitwa *couvert*, na si zawadi. Ukila utalipia, kitu kwa kitu. Usiogope kusema *não, obrigado*. Vitaondolewa bila kinyongo. Bahashishi si lazima. Watu huacha senti za chenji, au asilimia 5 hadi 10 wakihudumiwa vizuri.

Sasa samaki. Bacalhau, samaki wa bahari ya baridi aliyekaushwa kwa chumvi, ndiye chakula cha taifa, ingawa havuliwi katika maji ya Ureno. Kwa karne nyingi Wareno walimfuata hadi Newfoundland, na leo sehemu kubwa hutoka Norway na Iceland. Hulowekwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa, ndipo apikwe. Kwa mara ya kwanza agiza *bacalhau à Brás*: samaki aliyechambuliwa, akachanganywa na viazi vilivyokatwa kama njiti, vitunguu na mayai. Ukitaka vitafunio, chukua *pastéis de bacalhau*, vidonge vya samaki na viazi vilivyokaangwa. Vile vinavyouzwa vikiwa vimejazwa jibini ni ubunifu wa miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii. Vya asili havina jibini, na bei yake ni ndogo zaidi.

Pweza wa *à lagareiro* huchomwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu vingi, akaletwa na viazi vilivyopondwa kwa ngumi. Sardini za kuchomwa ni za Juni hadi Septemba. Nje ya miezi hiyo unaweza kuuziwa za barafu, basi chagua samaki mwingine wa siku hiyo. Samaki mzima huuzwa kwa kilo: mwombe mhudumu ampime na akutajie bei kabla hajawekwa kwenye mkaa. Na siku ya Jumatatu, ambapo meza nyingi za samaki masokoni hufungwa, kula nyama au supu.

Sahani moja ndogo usiipite: *peixinhos da horta*, maharage mabichi ya maganda yaliyochovywa kwenye unga na kukaangwa. Wareno waliupeleka mtindo huu wa kukaanga Japani katika karne ya 16, na huko ukazaa tempura.

Alasiri, keki za watawa

Saa kumi na moja jioni mji husimama kidogo kwa ajili ya *lanche*, kahawa na kitu kitamu. Hapa ndipo mikahawa mikubwa ya zamani ina maana.

Utamu wa Kireno umejengwa juu ya kiini cha yai na sukari, na asili yake ni nyumba za watawa. Masimulizi ya Wareno ni kwamba weupe wa yai ulitumika kukazia mavazi ya watawa, viini vikabaki vingi, jikoni wakavigeuza keki. Sukari ilitoka Madeira, baadaye Brazil, kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Nchi ilipofunga nyumba za watawa mwaka 1834, mapishi yalitoka nje ya kuta. Karibu na monasteri ya Jerónimos, huko Belém, duka la Pastéis de Belém likaanza mwaka 1837 kuuza vikombe vidogo vya unga wa tabaka vyenye kastadi ndani. Bado lipo, na mapishi yake bado ni siri. Kwingine kote keki ya namna hiyo huitwa *pastel de nata*.

Panda tramu 15 hadi Belém, na kama unaweza fika kabla ya saa nne asubuhi. Foleni ndefu ya nje aghalabu ni ya wanaonunua na kuondoka. Ingia ndani, kuna kumbi nyingi zenye vigae vya buluu na huduma ya mezani. Kula keki ikiwa moto, nyunyiza mdalasini, na usiipeleke hotelini, kwa sababu ikipoa unga hulegea. Kisha ingia kanisa la monasteri. Kaburi la Vasco da Gama lipo karibu na mlango.

Kwa ajili ya lanche yenyewe rudi katikati ya mji. Confeitaria Nacional, katika uwanja wa Praça da Figueira, imefanya kazi tangu mwaka 1829. Martinho da Arcada, chini ya matao ya Terreiro do Paço, ulifunguliwa mwaka 1782, miaka 27 baada ya tetemeko la 1755 kuubomoa mji. Mshairi Fernando Pessoa aliandika na kula hapo, na meza yake imehifadhiwa. A Brasileira, huko Chiado, ulianzishwa mwaka 1905 kuuza kahawa ya Brazil, na sanamu ya shaba ya Pessoa imeketi mlangoni. Hapo watalii ni wengi, basi kunywa bica kwenye kaunta ndefu ya ndani, tazama michoro ukutani, uende zako. Versailles, wa mwaka 1922 katika Avenida da República, ndio ninaokushauri ukae kwa utulivu. Uko mbali na njia za watalii, na saa ya lanche utawakuta bibi wa Lisbon na wajukuu wao chini ya taa za vioo.

Lisbon ya Kiafrika iko mezani pia

Katika kaunta nyingi, ndani ya kabati la kioo, kando ya vidonge vya samaki, utaona sambusa. Wanaziandika *chamuça*, na zimekuwa chakula cha Lisbon kama vilivyo vingine. Zilifika kutoka Goa na Msumbiji, na wimbi kubwa la watu waliokuja nazo lilitokana na tukio linaloigusa Dar es Salaam. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau viliwachosha wanajeshi wa Ureno hadi wakaupindua udikteta wao wenyewe tarehe 25 Aprili 1974. Msumbiji ikawa huru mwaka uliofuata. Watu kama nusu milioni wakahamia Ureno kutoka makoloni, wakiwemo Waislamu wenye asili ya Kihindi, Waismailia miongoni mwao, waliokuwa wameishi Msumbiji. Waislamu kutoka Msumbiji walikuwa mstari wa mbele kuijenga jumuiya iliyofungua Msikiti Mkuu wa Lisbon mwaka 1985, karibu na Praça de Espanha. Kuku wa pilipili anayechomwa kila mtaa naye ana mizizi Afrika.

Nenda Mouraria, mtaa walioachiwa Waislamu baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147. Leo Rua do Benformoso na uwanja wa Martim Moniz vimejaa migahawa na maduka ya Wabangladeshi na Wapakistani, na hapo ndipo rahisi zaidi kupata nyama halali. Juu kidogo, katika ngazi za mtaa huohuo, Cantinho do Aziz hupika vyakula vya Msumbiji. Popote ukiona *matapa* kwenye menyu, agiza: ni kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi.

Mlo wa pili wa Kiafrika ni *cachupa* ya Cabo Verde, mahindi na maharage yaliyochemshwa muda mrefu pamoja na mboga, na mara nyingi nyama au samaki. Aliyelelewa kwa makande au githeri ataona kama ametembelea shangazi. Uliza kama wana ya samaki ikiwa huli nguruwe. Migahawa ya Wakabo Verde ipo karibu na São Bento, upande wa barabara ya Poço dos Negros. Jina la barabara hiyo linatokana na shimo ambalo mfalme Manuel aliagiza lichimbwe mwaka 1515 kwa ajili ya kutupia miili ya watumwa. Pita pale ukijua hivyo.

Kutoka hapo si mbali hadi Museu Nacional de Arte Antiga. Humo imo *Custódia de Belém*, monstransi (chombo cha ibada cha Kikatoliki) ya dhahabu ya mwaka 1506. Dhahabu yake ni kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuilipa mwaka 1502. Hakikisha kwanza kwamba makumbusho yapo wazi siku unayokwenda. Ukishaitazama, shuka kwenye mkahawa wa bustani yake unaoelekea mto Tejo, uagize kahawa, ukae. Ni dhahabu iliyotoka Kilwa, na inastahili nusu saa ya fikra zako.

Jioni, usikimbilie meza

Wareno hula usiku kuanzia saa mbili. Kabla ya hapo wapo kwenye vibanda vya vinywaji, *quiosque*, katika viwanja kama Camões, Príncipe Real na Praça das Flores. Asiyekunywa pombe aombe maji baridi ya limau, au *capilé*, kinywaji cha sharubati ya zamani kinachorudi kupendwa. Ukiona watu wamesongamana mbele ya duka dogo la Largo de São Domingos wakishika vikombe vidogo, wanakunywa *ginjinha*, pombe tamu ya cheri inayouzwa hapo tangu mwaka 1840.

Ukitaka kusikia fado, muziki wa majonzi wa Lisbon, uliza kiasi cha chini cha matumizi kabla ya kuketi, maana nyumba nyingi hutoza. Mwimbaji akianza, weka uma chini na usizungumze. Kwa jioni nafuu zaidi panda kivuko kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, dakika kama 10, ukale samaki ng'ambo ukiutazama mji wote ukiwaka taa. Na kama tarehe zako ni huru, chagua usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio aliyezaliwa mjini humu. Mtaa wa Alfama hugeuka jiko moja: sardini huchomwa milangoni na kuliwa juu ya kipande cha mkate, mkate ukanywa mafuta yote ya samaki.

Ukiwa na siku mbili tu

Siku ya kwanza: torrada na bica kwenye kaunta ya mtaani, Belém mapema, chakula cha siku saa saba mchana, kupumzika, lanche Versailles, kivuko na samaki Cacilhas. Siku ya pili: pão de Deus, Mouraria na ngome ya juu yake, chakula cha Msumbiji mchana, Poço dos Negros, makumbusho ya dhahabu ya Kilwa kabla hayajafungwa, kisha fado au kibanda cha uwanjani. Kwa zawadi nunua makopo ya sardini kutoka Conserveira de Lisboa, duka la mwaka 1930 katika Rua dos Bacalhoeiros. Hayaharibiki njiani, na karatasi zake ni nzuri mno.

Acha mlo mmoja usioupangia. Ingia popote palipo na karatasi ya mkono dirishani, salimu, umuulize mwenye mgahawa leo kapika nini. Atakachokuletea ndicho Lisbon inachokula siku hiyo, na hakuna orodha, hata hii yangu, inayoweza kukuambia zaidi yake.